Mambo yakichacha msijifungie ndani, ila kuna kutoka na kutoka

Niseme mapema kabisa mimi ni mtu wa kutoka, kukaa ndani kutwa siwezi, na hii miaka yote ya vurugu imenikuta hapahapa Dodoma nikiwa na watoto wawili na mama yangu mzazi mwenye presha, kwahiyo haya ninayoandika sijayasoma mahali. Corona imenikuta hapa, uchaguzi wa 2020 hapa, msiba wa Rais Magufuli hapa, na ile siku ya uchaguzi ya Oktoba 29, 2025 nayo hapahapa. Na kila yakitokea ya kutokea swali linalozunguka kwenye magrupu ya wazazi ni lilelile, jamani tutoke au tusitoke? Watoto wanagombana tu ndani, bibi anataka kwenda kanisani, baba mwenye nyumba keshachoka na taarifa ya habari anataka hewa. Mimi jibu langu ni tokeni. Ila kuna kutoka na kutoka.

Nianze na Corona maana ndiyo iliyonifundisha kutembea. Mwaka 2020 nilikuwa nafundisha shule moja ya binafsi hapa mjini, jina naliacha. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16 kule Arusha, kesho yake tu Machi 17 shule zikafungwa nchi nzima kuanzia chekechea, vyuo navyo vikafuata, na sisi walimu wa binafsi tukaambiwa ada haziingii kwahiyo mshahara msubirie. Tulisubiri kweli. Vyuo na kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine wote Juni 29, sasa hesabu mwenyewe mwalimu anayekaa kipindi chote hicho na watoto wake nyumba ya vyumba viwili, hana hela ya bando hana hela ya king'amuzi, atafanya nini? Nilikuwa nawaamsha asubuhi tunatoka kutembea, basi. Haikuwa mazoezi wala nini, ilikuwa ni kuokoa akili.

Sisi hatukufungiwa kama wenzetu wa Rwanda na Uganda, hilo tunalijua wote. Rais alitangaza siku tatu za maombi, Aprili 17 mpaka 19, tukaomba, halafu kufika mwanzoni mwa Mei idadi ikasimama kwenye wagonjwa 509 na haikutangazwa tena, kwahiyo kuanzia hapo kila mtu akawa anajipimia hatari kwa macho yake. Jirani haamini kabisa, wewe unaamini nusu, mama yako anaamini kwamba ukila tangawizi na limao imeisha hiyo. Mimi nikaamua kushika kitu kimoja tu ambacho hakinidai niwe daktari, kwamba kile kirusi kinasafiri kwa pumzi na kinapenda sehemu iliyofungwa ambayo hewa haizunguki, nje penye upepo kinatawanyika. Na Dodoma kama kuna kitu Mungu ametupa bila kipimo ni upepo. Mvua katunyima, upepo katujazia.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Wanaogopa kwenda mlimani au porini, lakini njia ya kufika huko hawaiogopi wala chakula cha huko hawakiogopi. Chukulia daladala. Kipindi kile waliweka sheria ya level siti, hakuna kusimama, na stendi kuna ndoo ya maji tiririka na sabuni, unanawa unapanda, vizuri sana. Gari likishaondoka tu linaingia barabara ya vumbi na unalijua vumbi la hapa kwetu jekundu lile, dada wa siti ya mbele kasuka juzi, anavuta kioo, wa nyuma naye anavuta, dakika mbili gari zima vioo vimefungwa na watu ishirini tunapumuliana tena kuna mzee anakohoa kwenye kiganja halafu kiganja hichohicho kinampa konda nauli. Ndoo ya stendi imesaidia nini hapo? Ndiyo maana mpaka leo kukiwa na kikohozi kimezagaa mjini mimi na mama tunapanda bajaji, ina gharama kidogo ila pembeni ipo wazi, au kama sio mbali tunatembea kwa miguu. Ukilazimika daladala kaa dirishani na dirisha ulisimamie wewe, wakikulalamikia vumbi waambie barakoa inazuia vyote viwili.

Chakula nacho hivyohivyo. Mnaweza mkatembea kilomita tano kila mtu kaachana na mwenzie vizuri kabisa, mkifika mnakaa duara mnazunguka sinia moja la ugali na nyama, vichwa vimekaribiana mnacheka mnaongea huku mnakula, na chupa ya maji inapigwa tarumbeta na watu wanne. Mimi siku hizi kila mtu anabeba kikombe chake na chakula chake kwenye kopo lake, viazi vya kuchemsha, karanga, mayai, chapati, vitu vya kushika mkononi, na tunakaa mstari tukiangalia upande mmoja kama tupo kwenye gari. Shemeji yangu alicheka sana mwanzoni akasema tunakula kama tumenuniana. Alizoea.

Na nyungu je? Nilipiga nyungu mimi sikatai, mkaratusi na mchaichai na malimao, unatoka hapo pua imefunguka unajisikia mpya. Nisichokubaliana nacho ni ile ya kubanana watu watano ndani ya blanketi moja eti tujifukize kifamilia, tena mmoja wenu ana homa. Ebu fikiria tu mwenyewe hapo mnafanya nini. Kila mtu na blanketi lake.

Ila kwenye yote hayo lililonisumbua kuliko ni msiba. Kutoka matembezi unaweza ukaahirisha, msiba hauahirishwi, na usipoonekana utasemwa mpaka watoto wako waolewe. Ile mwanzoni mwa 2021 misiba ilifuatana sana, mnakumbuka lugha ya kipindi kile ilikuwa ni changamoto ya upumuaji. Sasa msibani kwetu wanaume wanakaa nje kwenye viti chini ya turubai, upepo unawapiga, wanawake ndio tunaingia ndani tunakaa kwenye mikeka bega kwa bega, madirisha yamezibwa na mapazia, tunalia tunaimba mapambio kwa sauti, na kulia na kuimba ndiyo kutoa pumzi zenyewe hizo. Yani mpangilio wetu ulikuwa unawaweka wanawake pabaya kila siku na hakuna aliyeusemea. Nilichofanya mimi kwa kumlinda mama ni hivi, nafika mapema sana kabla hawajajaa, naingia nampa pole mfiwa, nakaa kidogo, halafu natoka kwenda jikoni. Jikoni ya msiba ipo nje, kuna moshi na masufuria makubwa na kazi haziishi, na hakuna mtu duniani anayemsema vibaya mwanamke aliyekuwa anamenya vitunguu tangu asubuhi. Wenye wazee nyumbani chukueni hiyo, inafanya kazi hata kwa mafua ya kawaida. Mama mwenyewe nilimwekea kiti mlangoni, nikawaambia shangazi zake ana presha joto la ndani halimfai, wakaelewa.

Turudi kwenye kutembea. Kutoka kwangu Ilazo mpaka ule mlima wa mawe wa Area D, ule ambao wageni wanauita Lion Rock, tunaenda kwa miguu. Nendeni mapema, saa kumi na mbili asubuhi muwe mmeshaanza kupanda maana ikifika saa nne jua la Dodoma halina salamu, na mchana ndio upepo unaanza kurusha mchanga. Juni na Julai mtaona baridi, bebeni masweta kweli msije mkasema sikuwaambia, hapa ni kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari sio Dar. Kwenye kupanda watu wanahema, na mtu anayehema anatoa pumzi nyingi kuliko aliyekaa, kwahiyo hapo ndipo pa kuachana nafasi zaidi, msipande mkiwa mnasukumana mgongoni. Watoto wangu kilichokuwa kinawapeleka sio mandhari wala nini, ni pimbi. Wapo wanaota jua kwenye majabali asubuhi, wamekaa wamefura manyoya kama wazee wa baraza, ukisogea mmoja anapiga mlio mkali wote wanapotelea kwenye nyufa, ukikaa kimya kidogo kinatoka kichwa kimoja kinakuangalia, halafu cha pili. Mtoto wangu wa mwisho anaweza akakaa hapo saa zima bila kuomba simu. Ukifika juu unauona mji wote, ukumbi wa Bunge, msikiti wa Gaddafi, reli, na kwa mbali milima ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na hapo ndipo unaposhangaa kwamba mji huu wenye kelele zote za serikali ni kidoti tu katikati ya pori.

Hapohapo juu niwape tahadhari, simu yako ukipiga picha piga watoto, piga pimbi, piga jua. Usianze kuvutavuta kamera kuelekea makazi ya viongozi, Bunge, kambi za jeshi au Ikulu kule Chamwino. Sisi wa Dodoma tunaishi katikati ya serikali, nyumba ya mkubwa unaweza ukaipita ukienda kununua mchicha, siku za kawaida hakuna anayekujali, siku mambo yakiwa ya moto picha uliyopiga kwa furaha yako inakugharimu maelezo marefu mbele ya mtu ambaye hana mda wa kukusikiliza.

Hiyo inanileta kwenye siasa. Wengine mtasema Corona na siasa ni vitu viwili, mimi kwa upande wa kutoka nje naviona vinafanana, vyote hatari yake ipo kwenye msongamano na kwenye habari ambazo huna uhakika nazo. Machi 17, 2021 usiku Mama Samia, kipindi hicho Makamu wa Rais, alitangaza kifo cha Rais, na Machi 22 mwili ulikuwa hapa uwanja wa Jamhuri kwa ajili ya kuagwa kitaifa, marais wa nchi za watu wamekuja, na mji wote unataka kwenda. Siku moja kabla ya hapo pale uwanja wa Uhuru Dar watu walikanyagana kwenye kuaga, na polisi baadaye walisema waliokufa ni 45. Arobaini na tano, watu waliotoka nyumbani kwenda kutoa heshima tu. Nilitaka kwenda Jamhuri, nilikuwa nalia kama wenzangu, lakini na mama mwenye presha na watoto na kipindi kile kikohozi kipo kila nyumba nikasema hapana, tutasimama barabarani. Tukachagua sehemu wazi mbali na mageti, mgongoni kwetu kuna uwazi wa kurudi nyuma, msafara ukapita tukapunga tukarudi. Tangu siku hiyo sisimami kwenye mkusanyiko wowote kabla sijaangalia nitatokea wapi. Geti kaa nalo mbali, ukuta kaa nao mbali, uzio wa mabati ndio usiuegemee kabisa.

Kuhusu uchaguzi. 2020 tulizoea kwamba mitandao inasumbua, tukajifunza VPN, ile programu ya kupitia mitandao iliyofungwa, mpaka bibi zetu wanaijua. 2025 haikuwa hivyo, siku yenyewe ya kupiga kura Oktoba 29 intaneti ilikatika kabisa, VPN huna pa kuichomeka, Dar ikawekwa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni, wafanyakazi wa serikali wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani, na watu walipoteza maisha nchini, mimi hapa siingii kwenye idadi wala nani kafanya nini. Naongelea ile wiki mtu anaishije na watoto ndani. Huku mtaani kwetu kulikuwa kimya, barabara kubwa magari hakuna, watoto waliigeuza barabara yote uwanja wa rede na kombolela, na watu wazima tumekaa vibarazani tunapeana habari za kusikia, na kila aliyepita ana yake. Mmoja anasema pale kumechomwa, mwingine anasema anatoka palepale hakuna kitu. Na hapo ndipo ninapotaka kuongea na vijana hasa wa kiume, kwa sababu kijana mmoja wa jirani alisimama akasema ngoja nikaangalie.

Hilo neno ngoja nikaangalie lipigeni marufuku kwenye nyumba zenu. Mtu anayekimbia mabomu ya machozi hana muda wa kumuuliza mtu kama wewe ni mtazamaji, na askari naye hawezi kujua. Kama unataka kuandamana hayo ni maamuzi yako na utayajibu, lakini kuumia kwa sababu ya udaku inauma mara mbili. Yule kijana mama yake alimtuma kuchota maji kwa makusudi kabisa, akamwambia madumu yote, akarudi kachoka akalala. Kuna hekima nyingine haifundishwi.

Kipindi kama hicho mimi natoka na watoto, natoka ndiyo, ila asubuhi na karibu na nyumba. Watoto wakikaa ndani siku tano wanasikiliza watu wazima wanavyonong'ona na wanaelewa kuliko mnavyodhani, wa kwangu mkubwa alianza kuota usiku. Tukawa tunazunguka mtaani hapahapa asubuhi, jua likiwa bado laini, tunahesabu mibuyu, tunamsalimia mama wa maandazi, nusu saa tunarudi. Saa nane mchana kwenda mbele hatutoki. Kwanini? Kwa sababu vurugu nyingi nilizoziona kwenye maisha yangu zinaanza mchana watu wakishajikusanya, na kiza kikiingia hujui nani ni nani. Nguo pia muangalie. Siku hizo hakuna kijani na njano hakuna rangi ya chama chochote hata kama ni tisheti ya bure uliyopewa miaka ile, hakuna nyeusi ya kichwani mpaka miguuni, na vitu vyenye mabakamabaka ya kijeshi ndio kabisa, vile hata siku za amani raia haruhusiwi kuvaa ila watu wanawavalisha watoto wanaona ni fasheni. Beba kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA.

Simu. Watu wote tulijiona wajanja mpaka intaneti ilipokata ndio tukagundua namba za ndugu hatuzijui, ziko WhatsApp tu. Sasa hivi kwangu kuna karatasi imebandikwa nyuma ya mlango ina namba za shule, za wajomba, za bodaboda wetu mmoja tunayemwamini, za zahanati, na kila mtoto anaijua ya kwangu kwa kichwa kama wimbo. Weka vocha ya kupiga na meseji za kawaida usitegemee bando peke yake. Ramani ya simu pakua mapema ikae ndani ya simu, na mkitoka muachie mtu wa nyumbani saa ya kurudi, umwambie ikifika saa hiyo hatujarudi piga, usipotupata mpigie bodaboda. Na hela, jamani hela. Tumezoea kila kitu kwenye simu halafu siku kama zile unaenda kwa wakala anakwambia hana floti, wa pili kafunga, duka halipokei namba linataka taslimu. Weka noti ndogondogo nyumbani, elfu moja moja, elfu mbili mbili, maana ukitoa elfu kumi kununua nyanya siku hiyo utaambiwa chenji hakuna, na chenji inakuwa hakuna kweli.

Kuna jambo moja sijaona watu wakilisema na kwa Dodoma ni kubwa, nalo ni kutoka kwenda vijijini. Mji ukiwa na joto watu wenye magari wanasema twende shamba, twende pori, huko ni salama. Kwa kirusi ni sawa, kwa siasa mara nyingi ni sawa. Lakini kijiji nacho kikiwa na hofu zake wewe mgeni ndio unakuwa tishio. Mwaka 2016 mwanzoni mwa Oktoba kule Iringa Mvumi wilaya ya Chamwino, sio mbali na hapa, watafiti wawili wa mambo ya udongo waliotoka Arusha na dereva wao waliuawa kwa sababu uvumi ulikuwa umezagaa wa wanyonya damu na wao wakadhaniwa ndio hao. Walikuwa kazini kwao. Siandiki hivi kuwasema Wagogo, mimi mwenyewe nimelelewa na bibi Mgogo na ukarimu wao naujua, ninasema kwamba uvumi ukishaingia mahali hautofautishi. Kwahiyo mkienda kijijini kipindi ambacho redio hazieleweki na intaneti hakuna, msipite mkasimamisha gari porini mkaanza kushuka watu msiojulikana na makamera na mabegi. Nendeni kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au kitongoji, mwambieni sisi tunatoka mjini tuna watoto tunataka kupumzika pale kwenye ule mti tutaondoka saa tisa. Salimieni wazee, hata kama Kigogo hujui sema mbukwenyi, wataitikia mbukwa na sura itabadilika hapohapo. Nunueni kitu, kuku, mayai, ubuyu, chochote, na msiwapige watoto wa watu picha wala kuwagawia pipi, watoto wa watu kuwapa pipi kipindi cha uvumi ni kujitafutia.

Haya sasa wapi pa kwenda. Jumamosi kuna mnada wa Msalato, nyama choma yake kila mtu anaijua, na mimi naupenda sana ila niwe mkweli sio sehemu ya kwenda kipindi cha ugonjwa baada ya saa sita, panajaa. Nendeni saa nne, nyama ya kwanza ikitoka jikoni, chukueni yenu mkalie gari au chini ya mti pembeni, mrudi. Chinangali Park na Nyerere Square ni karibu lakini siku za misukosuko ya siasa mimi katikati ya mji napaacha, sehemu ya wazi iliyo katikati ndiyo watu wanayofikiria kukusanyika na ndiyo polisi wanayoiwahi.

Bwawa la Hombolo ndio penzi langu. Maji mengi sehemu kame kama hii yanafanya kitu kwenye roho, ndege wapo, wavuvi wanatoa perege na kambale, mnaweza mkanunua mkakaangiwa. Kitu kimoja tu, watoto wasiingie kwenye maji. Maji yaliyotuama ya namna ile ni nyumbani kwa konokono wa kichocho, na kichocho hakikuambii siku hiyo, unakuja kukiona kwenye mkojo baadaye. Watoto watalia, walieni nao, msiwaruhusu. Zabibu nazo nyakati zake kama Februari Machi na tena Agosti Septemba mtazipata barabarani upande wa Mpunguzi njia ya Iringa, nunueni beseni lakini ziosheni kabla ya kula mana watoto wanaanzia kula ndani ya gari.

Na kama mnataka safari ya kweli, ya kutoka alfajiri, basi Kolo kule Kondoa. Lami ipo mpaka Kolo, ni barabara ya Babati, unaipita Kondoa mjini unaenda mbele kidogo. Ile michoro ya miambani iliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006 na wengi wa Dodoma hatujawahi kuiona, tunaisoma tu kwenye vitabu vya watoto vya historia. Unaanzia kwenye ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, unalipia, unapewa mwongozaji, usijiendee mwenyewe, kwanza utapotea pili kuna pango ambalo wenyeji bado wanalitumia kwa matambiko yao na wewe huwezi kujua ni siku gani. Tulienda baada ya ile hali ya uchaguzi, Novemba 2025, kutulia, gari moja, watu wa nyumba moja, vioo wazi njia nzima, na njiani tulipokutana na askari nilikuwa nimeshawaambia watoto mapema nini kitatokea, atasimamisha, baba mdogo atazima redio, mikono iwe wazi, wasalimieni shikamoo, hakuna kurekodi. Walisalimia kwa nguvu mpaka askari akacheka. Kule juu michoro ni myekundu ya kahawia, watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, twiga, tembo, pofu, na mtoto wangu akauliza kama na wao walikuwa hawana intaneti ndio maana wakachora ukutani, mwongozaji akasema ndiyo.

Nendeni kiangazi njia za juu zisiwe na utelezi, vaeni viatu vya kufunga, maji bebeni mara mbili ya mnavyodhani. Na mwenye mzazi wa magoti mabovu kama wangu amwambie mwongozaji palepale ofisini kabla hamjaanza, michoro haiko sehemu moja, kuna ya kupanda haswa na kuna inayofikika kwa shida kidogo, wao wanajua ipi ni ipi.